Vidole Pembeni mwa Ukurasa

Kitabu chenyewe kilikuwa na kurasa mia sita na kumi na mbili, na Kopi alizishika zote kwa mkono wake, isipokuwa mmoja.

Jina hilo la Kopi lilimpata angali mtoto, kabla hajajua kwamba mashine ya kurudufu karatasi ina kifuniko. Dada yake akikohoa, naye anakohoa. Dada yake akiukataa uji, naye anasukuma bakuli. Mama yao akawa anasema, "Huyu sikumzaa, huyu nilimtoa kopi." Alipokua akafungua duka la fotokopi mkabala na chuo cha ualimu, watu wakadhani jina limetoka kwenye kazi. Hakujisumbua kuwasahihisha. Mteja wa kwanza wa siku alimpokea kwa maneno yaleyale kila asubuhi: "Karibu, orijino wangu!"

Dada yake alikuwa mwalimu wa kuchora katika shule ya msingi. Wanafunzi walimwita Mwalimu Penseli, kwa sababu penseli moja ilikuwa haiishi kwenye nywele zake, na mara nyingine aliisahau humo hadi kanisani. Miaka kumi na minne alikuwa amesimama mbele ya ubao akiwafundisha watoto wa watu kwamba kivuli nacho kina umbo. Aliajiriwa enzi zile ambapo kujua kuchora kulitosha. Kisha ikaja barua: kila mwalimu asiye na diploma hadi mwisho wa mwaka ataondolewa darasani. Akasoma likizo na jioni. Karatasi sita za mtihani, tano akazifaulu. Ya sita ikamwangusha mara mbili. Hiyo ilikuwa historia ya sanaa. Nafasi ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Akianguka tena, chaki anaiweka chini.

Hakushindwa kwa uzito wa kichwa. Alikosa kitabu. Maswali yote yalitungwa kutoka kitabu kimoja kinene, kinachoanza na watu wa mapangoni na kuishia jana tu, na kitabu hicho kilikuwa kimoja tu katika maktaba ya chuo, kimepigwa muhuri kuwa hakitoki nje. Maktaba ilifunguliwa yeye akiwa darasani, ikafungwa yeye akitoka. Alimsihi mkutubi mwaka mzima. Mkutubi alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini, kama mtu anayezungumza wodini, na mwishowe, Jumamosi moja saa sita mchana, alikitoa kitabu chini ya meza kikiwa kimefungwa kwa khanga.

"Mwalimu, hiki hakijawahi kulala nje. Jumatatu saa mbili nikione hapa. Kikichanika, nami nimechanika."

Mwalimu Penseli alikipeleka moja kwa moja dukani kwa mdogo wake. Kopi alikipima kwa mikono miwili, akajifanya anaanguka.

"Dada, hiki ni kitabu au tofali la msingi?"

"Unaweza?"

"Kuweza naweza. Shida ni hita." Akaipiga mashine kofi la upole ubavuni. Ndani ya mashine mna kidude cha moto kinachochoma wino wa unga ili ushike kwenye karatasi, na cha kwake kilikuwa kimechoka. "Itatoa, lakini wino utakuwa juujuu. Halafu kitabu hiki hakikubali kulala. Itabidi nikishike kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, kifuniko wazi."

"Na kesho ni Jumapili."

"Mungu ananijua kwa jina, Dada. Nitamwomba ruhusa ya siku moja." Akacheka. "Mama ndiye utakayemwomba ruhusa wewe."

Mama hakuombwa ruhusa. Jumapili ile kanisani aliweka mkoba wake kwenye kiti cha Kopi, akakaa akigeuka kila mlango ulipolia, na mkoba ukabaki pale mpaka baraka ya mwisho.

Mwalimu Penseli alipiga simu dukani mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kabla ya adhuhuri.

"Umefika wapi?"

"Niko kwa wafalme wa mawe. Wote wametazama mbele, kama wanapigwa picha ya kitambulisho."

Mara ya pili ilikuwa saa tisa mchana.

"Sasa uko wapi?"

Kopi alikawia kujibu. "Mia nne na kidogo. Huku watu wana nguo nzuri kweli, Dada. Nimechoka kidogo tu."

"Usilale, mdogo wangu. Mkutubi atanimeza mzimamzima."

"Silali," alisema Kopi.

Jioni alileta mzigo ndani ya boksi la rimu, amelibana kwapani mwa kulia. Akaomba maji, akanywa glasi mbili amesimama. "Usiziguse sana kwanza. Wino haujashika. Nikipata hita mpya nitazipitisha tena zipate moto, hapo hata ukilalia hazifutiki." Akaaga. Mlangoni akageuka, akampungia dada yake.

Jumatatu saa mbili kitabu kilirudi kwa mkutubi. Jumatano asubuhi jirani alimkuta Kopi ameanguka mlangoni pa bafu. Moyo, daktari alisema, moyo tu. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Mungu ampe pumziko. Hakuna neno jingine linaloweza kuwekwa hapo likatosha.

*

Wiki tatu boksi lilikaa chini ya kitanda. Viti vya msiba viliondoka, sufuria za watu zikarudi kwa wenyewe, na simu za pole zikapungua hadi zikawa moja kwa siku, kisha hakuna. Mtihani ulikuwa umebaki wiki saba. Mwalimu Penseli akalivuta boksi, akaliweka juu ya meza, akatoa karatasi ya kwanza.

Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na vidole vinne.

Aliangusha karatasi kama mtu aliyeshika kaa la moto. Kisha akaiokota. Vilikuwa vidole vya mtu vilivyobanwa kwenye kioo, tumbo la kidole likiwa limetandazwa, weupe katikati na kijivu pembeni, na nyuma yake giza la kifuniko kilichoachwa wazi. Kidole cha shahada kilikuwa na kovu la mshazari. Alilijua kovu lile. Kisu cha kukatia karatasi, mwaka duka lilipofunguliwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga kitambaa, huku Kopi akipiga kelele kwamba damu ni ya rangi orijino.

Akafunua ya pili. Vidole. Ya tatu. Vidole. Ya kumi, ya hamsini. Mkono wa kushoto wa mdogo wake ulikuwa umeshika kila jambo ambalo wanadamu wamechora tangu walipojua kuchora.

Alipoinua macho aliona vidole vyake mwenyewe vimekuwa vyeusi. Akageuza karatasi ya kwanza kuelekea dirishani. Pale alipokuwa ameishika kwa pupa, ncha ya kidole cha mwisho cha Kopi haikuwepo tena. Palibaki ukungu.

Hapo alielewa shauri lilivyo. Asiposoma, darasa linakwenda. Akisoma, kila anapogeuza ukurasa anamfuta ndugu yake.

Mama alimkuta amekaa vile, mikono juu hewani kama mtu aliyetoka kukanda unga.

"Nini hicho?"

"Ni Kopi, Mama. Ni mkono wake."

Mama hakusogea karibu. Alisimama mlangoni, khanga ameibana kifuani. "Mwanangu amelala kaburini anamngoja Bwana wake. Hayumo kwenye boksi. Usije ukaanza kusujudia karatasi ndani ya nyumba hii."

"Sisujudii."

"Nakuona." Akageuka aende, kisha akasema akiwa amempa mgongo, "Jumapili yake ya mwisho duniani alisimama mbele ya mashine. Kwa ajili ya hizo." Ilikuwa kweli.

*

Alijaribu njia ya akili. Mjini kulikuwa na mtu mwingine wa fotokopi, mwanamume wa makamo aliyejulikana kama Msafi kwa sababu kopi zake hazikuwa na doa. Mwalimu Penseli alimpelekea karatasi arobaini za mwanzo kwa majaribio, akiwaza: nitasoma kopi ya kopi, na za Kopi nizifungie. Alipozifuata jioni, Msafi alimkabidhi bahasha huku akitabasamu.

"Mwalimu, ulikuwa umeniletea uchafu. Fundi gani anaacha vidole vyake kwenye kazi ya mteja? Nimekusafishia vyote. Tazama."

Alitazama. Pembe zote zilikuwa nyeupe pe, kama mashuka ya wagonjwa. Maneno yalisomeka vizuri sana. Kwenye sura ya kwanza palikuwa na picha ya pango lenye mikono ya watu wa kale, waliobandika viganja ukutani na kupuliza rangi kuvizunguka. Msafi alikuwa ameiacha hiyo mikono, kwa kuwa ilikuwa ya kitabu. Ya Kopi ndiyo aliyoifuta.

"Na zangu?" Akaipekua bahasha.

"Zako nazo zimo humo. Zimepita kwenye roli za mashine, zimechubuka kidogo. Ule wino haukuwa umeshika, dada yangu, aliyekutolea hakukutendea haki."

"Alinitendea," alisema Mwalimu Penseli.

"Haya, lakini vidole..."

"Alinitendea haki!" Akalia pale pale dukani, mbele ya watu waliokuja kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa. Msafi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimsogezea kiti na akafuta kiti chenyewe kwanza.

Karatasi arobaini zilikuwa zimekuwa ukungu mtupu pembeni. Tangu siku hiyo hakupeleka tena karatasi za Kopi kwa fundi yeyote. Alisomea katika darasa lake tupu baada ya kengele ya mwisho, na alikuwa na utaratibu: rula mbili za mbao, moja kila upande, anainua karatasi kama mtu anavyotoa mkate motoni, anaigeuza, anailaza. Hakuegemea meza. Hakupiga mstari chini ya neno. Chafya ikimjia, anakimbilia mlangoni.

Na ajabu ni kwamba alianza kuelewa. Miaka yote alikuwa akikariri tarehe kama kasuku. Sasa, kwa kuwa ukurasa mmoja ulimchukua muda mrefu kuufikia na muda mrefu kuuacha, ilimbidi atazame. Kitabu kilikuwa kimesema mapema kabisa jinsi ya kutazama: usikimbilie kuuliza hiki ni nini. Uliza uzito umeegemea wapi. Mwanga unatokea upande gani. Kisha weka kazi mbili za mkono mmoja kando kwa kando, ya mapema na ya baadaye, uulize ni nini kimebadilika, kwa maana mkono wa mtu hubadilika hata mwenyewe asipojua. Akaona jinsi sanamu za mawe zilivyosimama miguu pamoja kwa karne nyingi, halafu moja ikasogeza mguu, nyonga ikafuata, bega likashuka, na jiwe likawa kama linapumua. Akaona vichwa vya shaba vyenye mistari usoni mithili ya mvua. Akaona mama na mtoto wamechorwa mara mia na watu mia, na hakuna mtoto aliyefanana na mtoto.

Lakini jicho ukishalifundisha, halichagui cha kutazama. Lilitazama picha, kisha likahamia pembeni.

Mwanzoni vidole vilikuwa vimekaza, vimepangana kama askari. Asubuhi, aliwaza, amekunywa chai, ana nguvu. Karibu na ukurasa wa mia mbili kidole kidogo kilikuwa kimeinuka kidogo, kama cha mtu anayeimba moyoni. Alimjua, lazima alikuwa anaimba. Mia tatu, vidole vilikuwa vimelegea na kiganja kimeingia ndani zaidi, mkono umeanza kukiegemea kitabu badala ya kukishika. Alikuwa akimsoma mdogo wake kwa vipindi, cha mapema na cha kati, kama kitabu kilivyomfundisha, na kwa siku kadhaa hilo lilikuwa karibu na furaha. Alirudi nyumbani akinyamaza kwa namna iliyomfanya Mama amtazame mara mbili.

Alhamisi moja, zikiwa zimebaki siku kumi na tisa kufika mtihani, aligeuza ukurasa wa mia nne na moja.

Vidole vilikuwa vimerefuka. Vinne vyote vilivutwa kuelekea chini, virefu kupita kiasi, kovu limenyooka likawa uzi. Hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameshinda sana dukani kwa Kopi. Alijua kitu kikisogea mwanga ukiwa unapita, mashine hukivuta hivyo. Mkono ulikuwa umeteleza.

Mia nne na mbili: hakukuwa na mkono. Maneno yalikuwa yamefifia kama yanaonwa kupitia machozi, na nusu ya ukurasa ilikuwa giza. Kitabu kilikuwa kimeinuka, hakuna aliyekibana.

Mia nne na tatu: vidole vimerudi, lakini upande mwingine wa karatasi, na havina kovu. Mia nne na nne, havina kovu. Mia tano, havina kovu. Aliziacha rula, akapekua kwa mikono mitupu mpaka mia sita na kumi na mbili, wino ukimrukia kifuani. Mkono wa kushoto haukurudi tena. Kurasa mia mbili na kumi za mwisho alizishika kwa mkono wa kulia peke yake, na kila ukurasa ulikuwa umelala upande kidogo zaidi ya uliotangulia.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mkono wa kushoto. Moyo, daktari alisema, moyo tu. Na boksi lile alilibana kwapani mwa kulia.

Kisha akaikumbuka simu. Saa tisa. *Mia nne na kidogo.* Kimya kile kabla hajajibu. *Nimechoka kidogo tu.* Na yeye akasema nini? Alisema usilale.

Alirudisha karatasi ndani ya boksi bila mpangilio, akafunga darasa, na kwa siku tisa hakulifungua. Mtihani ulikuwa na sehemu ya lazima, na sehemu hiyo ilitoka katika sura za mwisho, zote zikiwa ng'ambo ya mia nne na mbili. Kila alipotaka kuvuka, aliiona sekunde ile: kitabu kimeinuka, mtu amesimama peke yake katika duka lililofungwa, ameushika mkono wake, simu inaita. Usingizini aliisikia mashine. Darasani aliwaambia watoto wachore mikono yao wenyewe, halafu akashindwa kupita kati ya madawati kuikagua.

*

Jumamosi asubuhi Mama alikuwa uani akichambua mchele. Mwalimu Penseli akaenda, akakaa chini kwenye saruji kama mtoto, akamwambia yote. Kovu, kuteleza, mkono wa kulia, simu. Hakujitetea.

Mama aliendelea kuchambua muda mrefu baada ya maneno kwisha. Kisha akaweka ungo kando.

"Ungejua anaumwa, ungemwambia aendelee?"

"Hapana, Mama!"

"Basi." Akakung'uta makapi magotini. "Mimi alinipigia jioni ile. Nadhani alitoka kwako. Nilikuwa nimenuna kwa sababu ya kile kiti. Nikaitazama simu, nikaona jina lake, nikaiacha iite. Nikasema atanikoma. Kila siku namwambia Mungu habari ya ile simu, naye hanijibu, wala sijui nataka anijibu nini. Lete hayo makaratasi."

"Mama, ulisema..."

"Nilisema. Lete."

Alivaa miwani yake ya kamba. Mwalimu Penseli aliweka mia nne na moja juu ya ungo uliogeuzwa, akaanza kusema iangaliwe tu, isiguswe, wino haujashika. Mama hakusikia au hakutaka kusikia. Aliweka vidole vyake vinne juu ya vile vinne, kidole juu ya kidole, akaviburuta taratibu kuelekea chini, vile vilivyoteleza, mpaka mwisho wa karatasi.

"Mama!"

Mama aliinua mkono. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi. Kwenye karatasi palibaki wingu.

"Nimemfuta?"

Mwalimu Penseli aliivuta karatasi kwake.

"Mikono hii ndiyo iliyomwosha alipozaliwa," alisema Mama. "Alikuwa na utando mwingi, wakunga walicheka. Nikamwosha mpaka akaonekana." Akautazama wino vidoleni mwake, akaufikicha kwa gumba, haukutoka. "Alizitoa usome. Hakuzitoa uzifungie. Mwanangu aliniacha na kiti kitupu kwa ajili ya kazi hii, halafu kazi yenyewe ikae chini ya kitanda? Hilo ndilo litakaloniua mimi. Kaa hapa. Wewe soma, mimi nashika."

Hivyo ndivyo walivyovuka. Kila siku baada ya shule, uani, Mama alibana karatasi kwa mkono wake isipeperuke, juu ya vidole vya kulia vya mwanawe, na binti yake akasoma kwa sauti. Mama hakuwa na subira na karne hizi za mwisho.

"Huyu mwanamke mbona ana macho mawili upande mmoja?"

"Mchoraji alitaka amwonyeshe pande zote kwa pamoja, Mama."

"Angemwambia ageuke."

Na siku nyingine, mbele ya picha isiyokuwa na chochote ila madoa: "Huyu naye alilipwa?"

"Sana."

"Ee Mungu. Na Kopi akakaa akiibana hiyo kwa mkono mmoja." Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, na kicheko kikamgeukia katikati, akaficha uso kwa khanga. Kisha Mama akasema, "Endelea. Ukurasa unaofuata."

Karatasi moja baada ya nyingine, pembe ziligeuka ukungu. Mwalimu Penseli aliona kila kidole kikienda. Hakuzoea, ilimchoma ya mwisho kama ilivyomchoma ya kwanza. Lakini alisoma.

*

Asubuhi ya mtihani walikaa ukumbini watu arobaini na watatu, madawati yameachana. Msimamizi aligawa karatasi za maswali, na pamoja nazo picha moja kwa kila mtu, iliyochapwa kwa rangi. *Jadili kazi hii kwa kuzingatia mwanga, uzito na mpangilio.*

Aliijua. Ilikuwa ukurasa wa mia tano sabini na mbili: shamba, miti mitatu, mtu mmoja anatembea. Kwa siku kadhaa alikuwa ameiandaa kama picha ya usiku, kwa sababu kwenye karatasi ya Kopi mbingu ilikuwa nyeusi tii na shamba la kijivu. Aya zake za usiku zilikuwa tayari kichwani, zimepangwa.

Haikuwa usiku. Shamba lilikuwa la manjano iliyoiva, manjano ya kuumiza macho, na mbingu ilikuwa buluu nzito ya mchana wa jua kali. Hakuna aliyewahi kumwambia. Mashine haijui manjano.

Alikaa ameikodolea macho, wengine wakiwa wameanza kuandika. Akawaza kwamba Kopi alisimama siku nzima mbele ya rangi hizi, ukurasa kwa ukurasa. Yeye alimwonea huruma kwa kijivu chote kile, kumbe kila alipofunua kitabu kukilaza kwenye kioo, aliyaona haya. *Huku watu wana nguo nzuri kweli, Dada.* Aliyaona kwa mkono unaouma, akaendelea kufunua.

Pembeni mwa picha hapakuwa na kitu. Palikuwa pakavu na peupe, na macho yake yalikwenda pale mara tatu yenyewe.

Kisha akachomoa penseli kwenye nywele, akazikata zile aya za usiku kichwani mwake zote, akaanza upya na alichokiona. *Mwanga unatoka juu, hauna huruma. Mtu huyu anatembea mchana kweupe na bado yuko peke yake.* Aliandika mpaka msimamizi alipoishika karatasi yake na kuivuta.

Mama alikuwa amekaa kizingitini aliporudi.

"Wamekuuliza?"

"Wameniuliza."

"Umejibu?"

"Nimejibu, Mama. Sijui kama vizuri."

Mama akasogea kumpisha nafasi, wakakaa wawili. Magari yalipita. Baadaye Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi ipo, "Ulimtaja popote?"

"Mtihani hauna mahali pa kumtaja mtu."

"Mimi nilimtaja," alisema Mama. "Tangu saa mbili mpaka ulipotokea pale kona."

Matokeo yalikuja baada ya miezi miwili. Alama ilikuwa ya kupita, si ya kujivunia. Pale kwenye sehemu ya kwanza alikuwa amechanganya karne mbili. Lakini ilikuwa ya kupita. Jumatatu iliyofuata Mwalimu Penseli aliingia darasani, akafuta ubao, akawaambia watoto watoe rangi.